Adabu za Watu na Njia Zilizozikutanisha

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za jambo ambalo kila mtu alifunzwa tangu utoto wake, na kwa sababu hiyo ni wachache walifikirio: jinsi mwili wa mtu unavyosema. Goti, kiganja, jicho na kidevu vyote vina maneno yao, na maneno hayo hubadilika nchi kwa nchi kama lugha zinavyobadilika. Mtu asiyejua lugha ya wageni hujua kwamba haijui, kwa hiyo hutafuta mkalimani. Lakini mtu huyo huyo akimwona mgeni anaketi vibaya, au anatazama vibaya, au anakataa kupiga goti, hatafuti mkalimani yeyote, husema tu, "Huyu hana adabu." Katika neno hilo fupi yametoka magomvi mengi, na adhabu nyingi zilizowapata watu wasio na kosa.

Na tuanze hapa Mhunze. Mji huu ndio makao makuu ya Wilaya ya Kishapu katika Mkoa wa Shinyanga, wilaya iliyoanzishwa mwaka wa 2002, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Mgeni akipita kijijini asubuhi atasikia salamu ya "Mwangaluka", na mchana ukiisha kupinda atasikia "Mwadila". Mwenye kuitikia hurudisha neno lile lile, akaongeza "bhabha" kwa mwanamume au "mayu" kwa mwanamke. Kisha hufuata maswali ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe na ya mvua, na jibu lake aghalabu ni "mhola", neno la amani, hata kama mvua haijanyesha na ng'ombe ni wagonjwa. Habari mbaya zina mahali pake baadaye, watu wakiisha kuketi. Mwenye haraka akitaja shida yake kabla ya salamu kwisha, watu humsikiliza, walakini humwona kama mtu aliyeingia nyumbani kwa kupitia dirishani.

Hayo ni ya mdomo. Msichana anapomsalimu mzee hukunja magoti, na akiwa amemletea maji ya kunawa au chakula hupiga goti kabisa. Mvulana huinama kidogo. Atoaye mkono kwa aliyemzidi umri hushika kigasha cha mkono wake wa kuume kwa mkono wa kushoto, kana kwamba mkono ule ni mzito. Na maana yake ni hiyo hasa, kwamba heshima ina uzito na haitolewi kwa mkono mmoja. Macho huelekea chini. Mtoto asemeshwapo na mkubwa hamkodolei macho, maana kumkazia macho aliyekuzidi ni kumwambia, "Mimi na wewe tu sawa, nione utafanya nini."

Tena kuna namna ya kumwita mtu. Sisi humwita mtu kwa kuelekeza kiganja chini na kuvuta vidole kuja kwetu. Wazungu wengi hugeuza kiganja juu, na baadhi yao hukunja kidole kimoja tu. Kwetu kidole hicho kimoja huitia mbwa, na mtu mzima aitwaye hivyo hukasirika kwa haki. Lakini Mzungu naye, akikiona kiganja chetu kinachoelekea chini, huweza kudhani kwamba anafukuzwa, akaenda zake wakati chakula chake kinapoa. Huko Uganda watu wengi wakitaka kusema "ndiyo" huinua nyusi tu, bila neno. Mgeni asiyejua hurudia swali lake mara tatu, akidhani yule ni kiziwi. Na katika nchi ya Bulgaria, huko Ulaya, mtu hutikisa kichwa huku na huku akikubali, jambo ambalo kwa jirani zake wengi ni kukataa. Hakuna katika hayo lililo jema au baya kwa asili yake. Kiganja hakijui maana yake. Watu ndio waliopatana.

Zamani za utawala wa watemi palikuwa na alama nyingine kubwa zaidi ya goti, nayo ni makofi. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Unyamwezi na Usukuma walieleza jinsi watu walivyopiga magoti na kupiga makofi polepole mbele ya mkubwa wao. Desturi hii haikuwa ya huku tu. Washona wa Zimbabwe hata leo hupiga makofi wakisalimu na wakishukuru, wanaume wakilinganisha viganja vyao sawasawa, na wanawake wakivikingamisha. Sasa mfikirie Mzungu wa siku zile. Kwao makofi hupigwa mwishoni, mchezo ukiisha au hotuba ikipendeza. Hapa yeye anafika, hajafanya jambo lolote la kusifiwa, naye anapigiwa makofi! Utawala wa watemi uliondolewa na Serikali ya Tanganyika mwaka wa 1963, na makofi yale ya barazani yakapotea pamoja na mabaraza yenyewe. Makofi tunayowapigia watoto wetu leo katika mikutano ya shule ni ya asili nyingine kabisa, ingawa masikio hayawezi kuyapambanua.

Katika Wazungu wa kwanza waliopita nchi ya Wasukuma alikuwamo John Hanning Speke. Mwaka wa 1858 alimwacha mwenzake Burton huko Kaze, karibu na Tabora ya leo, akaenda kaskazini pamoja na wapagazi wake mpaka akaliona lile ziwa kubwa karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti. Alirudi Afrika mwaka wa 1860, na katika safari hiyo ya pili alifika Buganda. Yaliyotokea huko mwezi wa Februari 1862 yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana hatujui habari nyingine inayoonyesha vizuri zaidi adabu mbili zinavyoweza kugongana bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kabaka wa Buganda wakati ule alikuwa Mutesa, kijana mwenye amri juu ya watu wengi sana. Katika nyumba yake hakuna aliyeketi juu ya kiti isipokuwa yeye. Mkubwa na mdogo, waziri na mtumishi, wote walikaa chini, na aliyepewa zawadi au kusamehewa kosa alijitupa kifudifudi, akajigaragaza na kurudiarudia maneno ya kushukuru. Speke alipofika uani aliambiwa aketi chini juani, angoje kuitwa. Akakataa. Kwa mawazo yake, mgeni aliyetumwa kutoka nchi ya mfalme mwingine hakai mavumbini. Alingoja kidogo, kisha akageuka akarudi kambini kwake kwa hasira. Wakuu wa Kabaka waliingiwa na hofu, maana jambo la namna hii walikuwa hawajaliona. Wakamkimbilia wakimsihi arudi, na mwishowe akaruhusiwa kuja na kiti chake mwenyewe cha chuma, heshima ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kupewa.

Basi akaingia, akafungua mwavuli wake, akaketi. Hapo yakatokea ya ajabu. Kabaka alimtazama, naye alimtazama Kabaka, wala hakuna aliyesema na mwenziwe. Haikuwa adabu mgeni kumsemesha mfalme moja kwa moja. Neno lilipaswa kupitia kwa mkalimani, kisha kwa mkuu wa baraza. Wakakaa hivyo muda wa saa nzima, Kabaka na watu wake wakizungumza na kuucheka mwavuli na mavazi ya mgeni. Mwisho Kabaka akatuma mtu amwulize kama amekwisha kumwona. Speke akajibu kwamba amemwona muda wa saa nzima. Mfalme akaondoka kwenda kula.

Watu wengi husoma habari hii wakacheka, na sisi hatuwakatazi. Lakini tazameni jambo lililokuwamo. Kwa Waganda swali lile lilikuwa la maana kabisa: kumwona mfalme ndiko kulikokuwa zawadi, na kukaa kimya mbele yake ndiko kulikokuwa mazungumzo. Kwa Mwingereza kukaa saa nzima bila neno ni kama kutukanwa. Tena Kabaka alipoondoka alikwenda kwa mwendo maalumu, akitanua miguu, kwa kuwa wafalme wa ukoo wake waliuiga mwendo wa simba. Speke aliandika katika kitabu chake kwamba mwendo ule ulimchekesha. Waganda waliokuwapo hawakucheka hata mmoja, maana walikuwa wakimwona simba.

Ni nani aliyekuwa na haki? Sisi twaona kwamba kila mmoja alikuwa na haki kwa kanuni za kwao. Lakini twaona pia kwamba aliyepinda siku ile hakuwa mgeni. Mwenyeji, mwenye nchi na askari, ndiye aliyebadili sheria ya nyumba yake ili mgeni apate kiti, na jambo hili halitajwi mara nyingi na wale wasimuliao ushujaa wa wasafiri.

Wala msidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Afrika tu. Mwaka wa 1793 mjumbe wa Uingereza, Lord Macartney, alitumwa kwa Mfalme Qianlong wa China kuomba nafasi ya biashara. Desturi ya China ilimtaka kila mjumbe apige magoti mara 3, na kila mara aguse ardhi kwa kichwa mara 3. Macartney alisema atafanya hivyo ikiwa mkuu wa Kichina aliye sawa naye kwa cheo atafanya vivyo hivyo mbele ya picha ya mfalme wa Uingereza. Mabishano yalichukua siku nyingi, na mwisho akakubaliwa kupiga goti moja tu, kama alivyozoea mbele ya mfalme wake. Biashara aliyoiomba hakuipata. Lakini China ilikuwa na sababu zake nyingine za kumnyima, si goti peke yake. Mjumbe mwingine, Lord Amherst, alipokwenda mwaka wa 1816, alirudishwa bila hata kumwona mfalme. Goti lile lile ambalo msichana wa Mhunze hulikunja mara kumi kwa siku bila kufikiri, wakubwa wa nchi mbili walilijadili kama mpaka wa nchi.

Na mate je? Sehemu nyingi, kumtemea mtu mate ni tusi lisilosahaulika. Joseph Thomson, Mskoti aliyeingia nchi ya Wamasai mwaka wa 1883, alikuta kwamba kwao kutema mate ni dalili ya mapenzi na baraka, na kwa kuwa walimdhania kuwa mganga mkubwa, watu walimjia awatemee. Akawatemea. Alikuwa mtu wa busara.

Sasa turudi katika njia ya Wanyamwezi na Wasukuma, maana wao walivumbua dawa ya ugonjwa huu kabla ya msomi yeyote kuuandikia kitabu. Katika karne ya 19 vijana wa Unyamwezi na Usukuma walikwenda pwani kila mwaka, wakichukua pembe za ndovu mabegani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Njia yao ilipita Ugogo, ikapita kwa Wakaguru na makabila mengine, mpaka Uzaramo na bahari. Ilikuwa safari ya miezi. Mtu aliugua njiani, aliishiwa na chakula, alikufa mbali na mama yake. Nani amzike? Nani ampe maji, naye ni mgeni asiyejua hata namna ya kuomba maji katika nchi ile?

Hapo ndipo ulipokuwapo utani. Wasimulizi hutofautiana katika kueleza ulivyoanza. Wengine husema ulianza kwa vita vilivyokwisha kwa mapatano, wengine husema ulianza kwa biashara tu. Lakini kazi yake yajulikana. Makabila mawili yakiisha kuwa watani, mtu wa huku aweza kumtukana wa kule hadharani, kumdhihaki, hata kuchukua kitu chake kidogo, naye hana ruhusa ya kukasirika. Na anayekutukana hivyo ndiye huyo huyo apaswaye kukulisha ukiwa na njaa na kukuzika ukifa. Msibani mtani huja akacheka, akajilaza mahali pa maiti, akadai fedha, akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Na wafiwa, ambao machozi hayajawakauka, hujikuta wakicheka. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha Amani, Usambara, aliliona jambo hili kuwa kubwa hata akaliandikia makala mwaka wa 1941.

Mgeni asiyejua utani akipita kwenye msiba wa namna hiyo atasema nini? Atasema kwamba watu hawa wana mioyo ya mawe. Kumbe anayecheka pale ndiye aliyechimba kaburi. Sisi twauhesabu utani kuwa kazi bora ya akili ya wazee wetu, maana wao hawakungoja adabu za makabila zifanane. Walijua kwamba mgeni atakosea tu, basi wakaweka kanuni kwamba kosa lake liwe mzaha tangu mwanzo.

Njia hiyo hiyo ya wapagazi ilileta na neno lililo midomoni mwa kila mtoto leo, yaani "shikamoo". Lilitoka pwani, nao wajuzi wa lugha hulieleza kuwa ni "nashika miguu yako", salamu ya mdogo kwa mkubwa, na zamani ya mtumwa kwa bwana wake. Jibu lake, "marahaba", lina asili ya Kiarabu. Neno hili lilipoenea bara halikumkuta mtu asiye na goti. Lilimkuta Msukuma amekwisha kupiga goti tangu zamani, likakaa juu ya goti lile kama kofia juu ya kichwa. Wako watu leo wasemao kwamba tuliache, kwa kuwa lina harufu ya utumwa. Hoja yao si ya kudharauliwa. Lakini mtoto wa Kishapu amsalimiaye bibi yake hivyo hamwoni kuwa bwana wa mtumwa. Amwona kuwa ni mtu aliyeishi miaka mingi. Neno limebadilika maana likiwa kinywani, kama makofi yalivyobadilika yakiwa mikononi.

Baada ya wapagazi yakaja machimbo. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa mitambo, na mgodi ule wa kwanza ukaendelea mpaka mwaka wa 1966. Mwaka wa 1940 Dkt. John Williamson aligundua almasi huko Mwadui, mahali palipo katika wilaya hii yetu ya Kishapu. Mahali pa namna hiyo hukusanya watu wa makabila mengi ambao hawakuwa watani wa mtu, na ambao wanapaswa kufahamiana upesi, kwa kuwa jiwe likianguka hakuna nafasi ya salamu ndefu. Vijana hurudi kutoka migodini na mkono wa kutoa upesi, na salamu fupi, na jicho lisiloinama. Wazee hunung'unika. Jioni ya siku ya pili au ya tatu kijana huonekana ameshika kigasha chake tena.

Imebaki habari ya macho, ambayo kwetu sisi walimu ndiyo nzito kuliko zote. Kwa watu wengi wa Ulaya na Marekani, mtoto mwema humtazama usoni anayesema naye, na akainamishaye macho hudhaniwa kuwa ana jambo la kuficha. Fikirini basi mtoto aliyelelewa huku akisimama mbele ya mwalimu, au mbele ya hakimu, aliyelelewa huko. Kadiri anavyozidi kuheshimu, ndivyo anavyozidi kuonekana mwongo.

Tuliyaona hayo kwa macho yetu katika shule moja ambayo hatutaitaja. Kitabu cha mwalimu mgeni kilipotea, akaulizwa msichana aliyekuwa na zamu ya kufagia chumba. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakukiona, akitazama sakafu. Mwalimu akamwamuru amtazame usoni. Msichana akazidi kuinama, maana amri ile kwake ilikuwa kama kuambiwa amtukane baba yake mbele ya watu. Mwalimu akaamriwa tena na hasira yake kuliko na akili yake, akaandika kwamba kosa limethibitika, msichana akapewa adhabu ya wiki mbili ya kuchota maji, na jina lake likasomwa mbele ya shule nzima. Nyumbani kwao alieleza kwamba alifundishwa na mtu asiye na haya, anayekodolea watu macho kama bundi. Na baba yake, mzee mpole sana, akasema kwamba hatamrudisha kwa mtu wa namna hiyo. Tulikwenda mara mbili kumsihi. Mara ya pili alikubali, kwa sharti kwamba sisi wenyewe tumweleze mwalimu yule habari ya macho.

Tukamweleza. Alitusikiliza kimya, akatuuliza maswali mengi, tena mengine magumu. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuonekana wakati ule, chini ya mto wa kitanda chake mwenyewe.